Kalamu Yenye Jina la Bwana Disney

Mwezi wa Desemba mwaka jana alinitembelea mwanachuo wangu wa zamani, mmoja wa wale niliowafundisha mwaka 1986, nilipokuwa bado mkufunzi wa Kiswahili na sijapewa ukuu wa chuo. Siku hizi anaishi Ujerumani. Aliingia uani akainama kidogo kama walivyokuwa wakifanya enzi zile, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikamwitikia, nikamtania kwamba Wajerumani wanamlisha vizuri mno. Baada ya chai akatoa mfukoni sanduku ambalo kwa ukubwa wake lingeweza kutunza jozi ya viatu vya mtoto. Ndani yake mlikuwa na kalamu moja tu.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa ukituambia kwamba mwandiko ni uso wa mwalimu. Nilipoiona hii nikakukumbuka."

Ilikuwa kalamu ya wino iliyotengenezwa na kampuni ya Montblanc ya Hamburg, katika ule mfululizo wao wa kuwaenzi watu mashuhuri wa dunia. Hii ilitolewa mwaka 2019 kwa heshima ya Walt Disney, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya filamu za katuni, na mapambo yake yanamkumbusha mtazamaji Mickey Mouse. Mke wangu akachungulia juu ya bega langu, akacheka. "Kumbe zawadi yenyewe ni ya yule panya!" Mjukuu wetu, ambaye yuko darasa la tatu, alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikaukwepa mkono ule upesi kuliko umri wangu unavyoniruhusu.

Bei hakunitajia, na si adabu kumuuliza mgeni bei ya zawadi. Baadaye niliipata kwingine. Nitasema tu kwamba mwalimu mpya wa shule ya msingi angefanya kazi miezi kadhaa bila kula wala kupanda basi ili ainunue.

Kalamu huhukumiwa kwa kuandikiwa, si kwa kutazamwa. Kwa hiyo nimeiandikia kwa muda wa miezi mitatu: barua za ukoo, daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na rasimu za kurasa kadhaa za kitabu hiki. Msomaji asidhani kwamba ninayoyasema ni kijicho cha mzee wa pensheni. Kalamu ni yangu, imo mezani pangu, na inaandika kwa namna ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Mimi nilianza shule mwaka 1958, kwenye kibao na kalamu ya jiwe. Tulipofika darasa la nne tukapewa kalamu za kuchovya. Kijiti cha mti, nibu ya chuma, na kidau cha wino katika tundu la dawati. Nibu zile zilikuwa za shule, na zilikuwa zimepitia mikono mingi. Nyingine zilikuwa zimepanuka kama mdomo wa kifaranga anayesubiri kulishwa. Ukikandamiza kidogo, doa. Ukichukua wino mwingi, doa. Ukiona doa, mwalimu naye ameliona. Tulijifunza kuandika kwa kuogopa, na lazima nikiri kwamba miandiko yetu ilikuwa mizuri. Kalamu ya wino yenye tumbo lake mwenyewe, isiyohitaji kidau, ilikuwa mali ya mwalimu mkuu na ya karani wa wilaya. Iliishi katika mfuko wa shati, kifuniko nje, nasi tukaijua kuwa alama ya cheo kabla hatujajua kwamba ni chombo cha kuandikia.

Chombo chenyewe ni cha ajabu ukikichunguza. Mmarekani Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884, na akili yake yote imo katika kuupatanisha wino na hewa. Wino hushuka kwa kufuata mfereji mwembamba na ufa wa nibu, na kila tone linaloshuka lazima hewa ipande kuchukua nafasi yake tumboni. Hewa ikizidi, kalamu inatapika; ikipungua, inanyamaza katikati ya neno. Kalamu ya Montblanc niliyopewa haitapiki wala hainyamazi. Nibu yake ni ya dhahabu, na dhahabu ina ulaini fulani ambao chuma hakina. Inaitikia mkono, na wino haumli. Mkono wangu sasa hutetemeka asubuhi, na nibu ile inanisitiri. Kwa hiyo katika hukumu ya kwanza, ile ya uandishi, sina shauri. Ni kalamu bora.

Hukumu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Kalamu hii haikutengenezwa iwe kalamu tu. Ilitengenezwa iwe sifa, yaani utenzi wa kumtukuza mtu, na utenzi hupimwa pia kwa ukweli wake.

Tuseme kwanza juu ya desturi yenyewe. Watengenezaji wa kalamu ghali waliona zamani kwamba kalamu ya biki, ambayo Bic walianza kuiuza Ufaransa mwaka 1950, imeshamaliza kazi ya kuandika ya dunia nzima kwa senti chache. Kilichobaki kuuzwa ni maana. Ndipo likaja hili la matoleo ya idadi maalumu: kalamu inapewa jina la mtunzi, mfalme au mchezaji sinema, inatengenezwa kwa hesabu iliyofungwa, na hesabu yenyewe inapewa hadithi. Montblanc wana matoleo ya kalamu 4,810 kwa kuwa ndio urefu kwa mita wa ule mlima waliojichukulia jina lake. Nambari ile wameichora hata kwenye nibu zao. Hakuna ubaya. Watu wazima nao wanahitaji kuchezea vitu.

Lakini mchezo una mipaka yake. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa kalamu ya Mahatma Gandhi, kalamu 241 za dhahabu, kwa kuwa ile safari yake ya chumvi ya mwaka 1930 ilikuwa ya maili 241. Kila moja iliuzwa kwa zaidi ya rupia milioni moja. Yaani mtu aliyetembea kwa miguu kuupinga ushuru wa chumvi ya maskini, aliyesokota uzi wa nguo yake mwenyewe, hatua zake zikahesabiwa na kugeuzwa kuwa idadi ya bidhaa za matajiri. Kesi ikafunguliwa Kerala, kampuni ikaomba radhi, na mwaka 2010 mauzo yakasitishwa nchini India. Wahindi walitambua upesi kwamba utenzi ule ulikuwa wa uongo, ingawa kalamu, sina shaka, iliandika vizuri sana.

Je, kalamu ya Disney nayo ni ya uongo? Nilidhani hapana. Gandhi na dhahabu hawapatani, lakini katuni na kalamu ni ndugu wa tumbo moja. Katuni ni mstari unaotembea. Mimi mwenyewe nilimwona Mickey kwa mara ya kwanza kabla ya picha kubwa katika sinema moja ya mjini Tanga, nikiwa kijana, na kilichonishangaza hakikuwa kichekesho chake. Nilishangaa kwamba mtu ameketi mahali akachora kila unyayo. Kwetu bara televisheni haikuja hadi mwaka 1994, hivyo mshangao ule ulinikalia miaka mingi bila kuchujuka. Kalamu ya kumwenzi mchoraji wa Mickey ilionekana kwangu kuwa ya haki kabisa.

Tatizo ni kwamba Walt Disney hakuwa mchoraji wa Mickey. Alianza kazi kama mchoraji, ni kweli, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa ameiacha meza ya kuchorea na kushika usimamizi. Aliyemchora Mickey, na aliyechora sehemu kubwa ya Steamboat Willie iliyotoka Novemba 1928, ni Ub Iwerks, rafiki yake tangu siku zao za Kansas City. Jina la Iwerks limo katika maandishi ya mwanzo ya filamu ile, chini ya jina la Disney. Na mwaka 1930 wawili hao wakaachana, kabla ya Iwerks kurudi miaka kumi baadaye kama fundi wa mitambo ya picha. Disney alimpa Mickey vitu vikubwa. Alimpa sauti, yake mwenyewe, kwa miaka mingi, alimpa tabia, alimpa mshahara wa watu wote waliomtengeneza. Mstari hakumpa. Na kalamu, msomaji, kazi yake ni mstari.

Nilipofika hapo nikaendelea kusoma, kwa maana mwalimu akianza kutilia shaka jibu moja hukagua daftari zima. Nikauliza: katika kiwanda kile kalamu ya wino ilikuwa mikononi mwa nani? Wachoraji walitumia penseli. Penseli yao haikuonekana kamwe katika sinema. Kila mchoro ulipokamilika ulipelekwa katika idara nyingine, ambako karatasi angavu ya seluloidi iliwekwa juu yake, na mtu aliyevaa glavu nyeupe ya pamba akaufuata mstari ule kwa nibu nyembamba ya kuchovya, bila kutetemeka, bila doa. Ubao ukageuzwa, na rangi ikapakwa kwa nyuma. Mstari tulioutazama sisi Tanga, ule ulionishangaza, ulikuwa wa nibu ile. Na walioishika walikuwa karibu wote wanawake.

Fanya hesabu, kama tulivyozoea darasani. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Snow White ya mwaka 1937 ina dakika 83. Dakika 83 ni sekunde 4,980, na sekunde hizo ni picha 119,520. Ni kweli kwamba mchoro mmoja mara nyingi ulitumika kwa picha mbili; lakini ni kweli pia kwamba picha moja mara nyingi ilikuwa na karatasi kadhaa zilizopandana, kila kibete na yake. Hayo yote yalifuatishwa kwa mkono. Majina ya wanawake wale hayamo katika orodha ya watengenezaji inayoonyeshwa mwanzoni mwa filamu. Upo waraka wa mwaka 1938 ambao kiwanda kile kilimwandikia binti aliyeomba nafasi ya kujifunza uchoraji: akajibiwa kwamba wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu, kwamba ubunifu ni wa vijana wa kiume, na kwamba kazi iliyo wazi kwa wasichana ni hiyo ya kufuatisha kwa wino na kupaka rangi. Mwaka 1961, katika filamu ya mbwa wale mia na mmoja, mashine ya kunakili ikaanza kuhamisha penseli moja kwa moja kwenye seluloidi, na nibu zikawekwa chini.

Kwa hiyo kalamu iliyo mezani pangu inamsifu kwa wino mtu ambaye hakutia wino, juu ya kichwa cha mtu aliyechora, na juu ya vichwa vya mamia ya wanawake waliokuwa na kalamu mkononi kutwa. Hiyo ndiyo kasoro yake, na dhahabu haiifuti. Wapo wanaojua kufanya vinginevyo. Wajapani wa kampuni ya Namiki, ndiyo hiyo Pilot ya leo, walipoanza kupamba kalamu kwa laka na unga wa dhahabu waliunda mwaka 1931 kundi la mafundi liitwalo Kokkokai, chini ya fundi mkuu Gonroku Matsuda, na kalamu zile hutiwa saini ya fundi aliyezipamba. Saini ndogo sana, lakini ipo.

Ningekuwa nimemaliza hapa, na makala haya yangekuwa mafupi na mimi ningekuwa mtu safi. Lakini kalamu kubwa kama hizi zina kazi moja inayojulikana, nayo ni kutia saini. Na saini ni jambo ambalo nimelifanya sana.

Nilikuwa mkuu wa chuo kwa miaka ishirini na miwili. Kila mwaka, kabla ya mahafali, vyeti vya chuo vililetwa mezani kwangu vikiwa bunda, wakati mwingine zaidi ya mia tatu. Nilitia saini kwa wino mweusi wa Quink, nikajisikia mtu mzito. Jina la mwanachuo katika kila cheti lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mwandiko wa kuunga ambao hata leo ukiingia katika nyumba za walimu wa kanda ile utauona ukutani ndani ya fremu. Wanachuo waliamini kuwa ni mwandiko wangu. Huyu aliyekuja na zawadi anaamini hivyo pia, maana mwaka ule alipohitimu jina lake liliandikwa kwa mkono uleule, na ndiyo sababu aliponiona nikajaa machoni pake kama mwenye mwandiko.

Mwandiko ule ulikuwa wa karani wetu wa masijala, mwanamke aliyesoma hadi darasa la nane. Alikuwa na kijiti cha nibu na kidau chake mwenyewe, na alikaa nacho hadi saa za usiku wiki ile ya mahafali, kwa taa ya chemli umeme ulipokatika. Katika miaka hiyo yote hotuba za mahafali niliziandika mimi. Nimeziangalia tena, ninazo katika faili. Nimewashukuru wageni rasmi, wazazi, wapishi, hata kwaya ya kijiji jirani. Yeye simo nilimomtaja. Kompyuta ilipofika chuoni kazi ile ikahamia kwenye mashine, naye akastaafu, na nadhani hatukumfanyia hata chai.

Aliyejaribu kuniambia kwamba mgeni wangu amekosea ni mke wangu, jioni ileile. "Na ile miandiko ya vyeti, hukumwambia?" Sikumwambia. Alikuwa ametoka mbali, nilisema. Lakini ukweli ni kwamba ilikuwa tamu.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda kumwona. Anaishi kwa binti yake, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Ana mtoto wa jicho upande wa kushoto, la kulia bado zima. "Karibu Mkuu, za miaka?" akasema, kana kwamba nimetoka likizo. Nikamweleza habari ya zawadi, nikalitoa lile sanduku. Nilikuwa nimekusudia kumwachia.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipima uzito, akafungua kifuniko, akaisogeza nibu karibu na jicho zima akaitazama ufa wake kwa muda mrefu kuliko nilivyoutazama mimi kwa miezi mitatu. Bintiye akang'oa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita na kuigeuza. Mama yule akaandika jina lake, lote, la kwake na la baba yake, na ndipo nikang'amua kwamba sijapata kuliona limeandikwa kwa mkono huo. Herufi zilikuwa zilezile.

"Inateleza," akasema. "Ila nibu ni nene. Mstari wa kupanda na wa kushuka unatoka sawa. Cheti kingekuwa kama kimeandikwa na mtu aliyeshiba." Akaifunga kifuniko. "Ya kusaini hii, Mkuu. Ikae kwako."

Nimesoma mengi juu ya kalamu ghali na sijakutana na tahakiki iliyo sahihi kuliko hiyo.

Katika mfuko wangu kulikuwa na kalamu ya pili. Mgeni wangu wa Desemba alikuwa amemletea mjukuu kalamu ya wino ya plastiki, ile Kakuno ya Pilot, ambayo Wajapani waliitoa mwaka 2013 kwa ajili ya watoto wanaojifunza na ambayo ilianza kwa bei ya yeni elfu moja. Mwili wake una pande sita kama penseli isibingirike mezani, na kwenye nibu ya chuma wamechora uso unaotabasamu. Mwanzoni niliudharau uso ule. Kisha nikaona kazi yake: mtoto akiushika wima, uso ukamtazama, basi ameshika kalamu upande ulio sawa. Katuni ile haimsifu mtu yeyote, inafundisha. Kama ningekuwa bado chuoni ningewapa wanachuo waichambue kama zana ya kufundishia, na ningewapima kwa jinsi wanavyoueleza ule uso. Niliiazima kwa mjukuu siku ile kwa sababu ya safari tu, niliogopa ile kubwa isimwagike kwenye basi.

Mama yule aliiona ikichungulia mfukoni, akaniuliza ni nini. Nibu yake ni nyembamba. Akaijaribu chini ya jina lake, akaandika jina la bintiye, kisha majina ya wajukuu wanne kwa kufuatana, akipandisha na kushusha, na jicho lake zima likiwa karibu kabisa na karatasi. Alipomaliza hakuirudisha. Akauliza wino wake unapatikana wapi.

Nilirudi na kalamu moja. Mjukuu amenidai ile yake kila siku tangu hapo, na nimemwandikia mwanachuo wangu wa Ujerumani anitumie nyingine mbili na chupa ya wino, na katika barua hiyohiyo nikamweleza ni nani aliyeandika jina lake katika cheti chake. Hajajibu bado.